Kumi na Nne Nukta Sita

Simu ya Musau ilimkuta Festus katikati ya kazi yake, na kazi yake, kwa wasioijua, ilikuwa ni kupitisha. Kibao juu ya mlango wa kibanda chake mjini Machakos kilisema "Fotokopi na Huduma", lakini hakuna aliyekuja pale kwa ajili ya fotokopi. Walikuja wenye malori yasiyoshika breki, wenye hoteli ambazo bwana afya hakuwahi kuziona wala asingependa kuziona, na wenye mabaa waliosahau kwamba leseni huwa inaisha. Festus alichukua makaratasi yao, akaondoka nayo kwa mwendo wa pole, akarudi yakiwa na muhuri. Usimwite mwizi, angeumia kweli. Alikuwa na msemo wake na aliusema kwa upole wa mhubiri: "Hakuna karatasi ngumu. Kuna mtu tu hajaongeleshwa vizuri."

"Festo, uko na watu?" Musau aliuliza.

"Niko na mmoja. Ongea."

"Ni ile damu ya bibi yako. Majibu imetoka."

Festus akamwacha mteja na kikombe chake cha chai, akatoka nje. Musau alikuwa fundi wa maabara mtaa wa pili, na walikuwa wamesoma darasa moja tangu wakikalia mawe.

"Iko saba nukta mbili," Musau akasema.

"Saba ya nini?"

"Hiyo homoni. Projesteroni. Na hapa kwa barua ya kliniki ya Nairobi wameandika wanataka kumi kwenda juu."

Festus akaegemea ukuta. Kesho yake ndiyo Wavinya, mkewe, alikuwa apandikizwe kiinitete, mimba yao changa iliyotungwa maabara. Vilikuwa vitatu kwenye barafu ya kliniki. Viwili vilikwisha wekwa, kimoja baada ya kingine, vikaondoka bila hata kuaga. Kilibaki kimoja, na shamba la Ekalakala walilouza ili kulipia lilikuwa tayari na nyumba ya mtu mwingine juu yake. Kwa wiki kadhaa Wavinya alikuwa amemeza tembe za kuunenepesha ukuta wa mji wa mimba, kisha akaanza vidonge vya hiyo homoni, vya kuingiza ukeni asubuhi na jioni, na sasa daktari alitaka kujua kama dawa imefika kwenye damu. Ili asipande Nairobi mara mbili, aliruhusiwa kupimwa hapa nyumbani.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwaka uliopita walifika kliniki wakiwa wamevaa vizuri kama watu wa harusi, picha ikaonyesha ukuta ni mwembamba, wakaambiwa warudi nyumbani waanze upya. Wavinya alilia kutoka Nairobi hadi Kyumbi. Tangu siku hiyo Festus alijua, kama anavyojua ofisi zote, kwamba pale kliniki kuna lango, na langoni kuna namba.

"Hiyo saba umeshatuma?" akauliza.

"Bado. Nilisema nikuambie kwanza. Wewe ni mtu wetu."

Ona balaa la kuwa mtu wetu. Fundi asiyemjua Festus angebonyeza kitufe, saba ikaenda zake Nairobi, na sisi tusingekuwa na la kusimulia.

"Basi usitume saba."

"Nitume nini?"

"Tuma kitu yenye itapita."

"Festo, hii si lori. Hii ni damu."

"Ni damu ya nani? Si ya bibi yangu? Kuna mtu nimemwibia? Wakiona saba watamrudisha, na yeye akirudishwa tena mimi sina mke, niko na maiti kwa nyumba. Namba ni namba tu, Musau. Mtoto akishaingia, nani atauliza alipita na ngapi?"

"Sasa niweke ngapi?"

"Weka kumi na tano." Kisha ufundi wa miaka mingi ukamshika mkono. "Ama ngoja. Kumi na tano kamili inanuka. Weka kumi na nne nukta sita."

Musau alikataa pesa katakata. Alisema urafiki ni urafiki, na kwamba Jumamosi mbavu za mbuzi zingetosha.

Jioni Festus alikuta nyumba inanukia maharagwe na furaha. Mama yake, Nthenya, alikuwa amekuja kutoka kijijini kumsaidia mkaza mwanawe asiinue hata sufuria. Huyu mama alikuwa ameelezwa habari ya barafu mara nyingi, na kila mara aliuliza swali lile lile, kama huko ndani mtoto hasikii baridi. Lakini alikuwa upande wao kuliko wengi. Akizaliwa msichana angeitwa Nthenya, kwa hiyo mama alikuwa, tuseme ukweli, anajisubiri mwenyewe.

Wavinya alimpokea mlangoni na simu mkononi. Alikuwa mwalimu, mwanamke asiyecheka ovyo. Shuleni walimu wenzake waliitwa kwa watoto wao, Mama huyu na Mama yule, na yeye walikuwa wamempachika Mama Darasa la Tano. Walidhani ni utani mzuri, na yeye alicheka nao kwa miaka sita.

"Kumi na nne nukta sita," akasema, na macho yakajaa machozi. "Festus, kumi na nne! Wanataka kumi, mimi nimepita kwa mbali. Nilidhani mwili wangu hautawahi kufanya kitu ukiambiwa. Leo umefanya."

"Si nilikuambia," Festus akasema, na akamkumbatia, na kwa dakika hiyo alijiona mume bora kuliko waume wote wa kaunti.

"Nimepigia dada yangu. Nimempigia hata yule mwalimu mkuu. Na daktari amejibu, ngoja nikusomee." Akasogeza miwani. "Vizuri sana, Mwalimu. Kwa kiwango hiki hakuna haja ya sindano. Endelea na vidonge vile vile, tuonane kesho."

Festus akaketi. "Sindano gani?"

"Za kuongeza. Kama ingekuwa chini ningeanza kuchomwa jioni ya leo."

"Si wangekurudisha?"

"Kwa nini wanirudishe? Ule ukuta ndio hurudisha mtu. Hii ya damu ikiwa chini wanaongeza dawa tu, basi. Daktari alieleza, wewe ulikuwa umetoka nje kuongea na simu." Akacheka, akampapasa bega. "Ndiyo maana ya kupima."

"Nilisema mimi," mama akadakia kutoka jikoni. "Mficha uchi hazai. Mngekaa hapa mkiona haya kuonyesha daktari shida, mngezeeka hivyo hivyo. Sasa mmeonyesha, mmesaidiwa."

Festus akasema ni kweli, mwaitu, mama yangu. Kisha akasema anaenda dukani mara moja.

Hakwenda dukani, alikwenda duka la dawa. Pale aliomba sindano ya projesteroni, akaulizwa karatasi ya daktari iko wapi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akawa mahali anapopajua. Alimwongelesha yule dada muuzaji vizuri. Aliondoka na chupa mbili ndogo za dawa ya mafuta na bomba lake, zote mfukoni, na akatembea kurudi nyumbani akiwa amefarijika. Alikuwa na dawa. Ilibaki tu mahali pa kuichoma.

"Nimepata sindano ya nguvu," alimwambia Wavinya chumbani. "Watu wanasema ni nzuri kabla ya safari."

"Ya nguvu gani?"

"Vitamini vitamini hivi."

"Festus, daktari amesema hakuna sindano. Niko na kumi na nne. Kwa nini niharibu kitu iko sawa?" Akamtazama kwa upendo, ndiyo, kwa upendo kabisa. "Uko na wasiwasi kuliko mimi. Lala."

Hapo ndipo angesema. Mke yuko mbele yake, daktari yuko kwenye simu, dawa iko mfukoni, sindano moja jioni hiyo na mambo yanakaa sawa. Lakini angalianzia wapi? Tangu awe mtu mzima hakuwahi kurudi ofisi yoyote kusema, samahani, ile karatasi niliyoleta jana ni ya uongo. Hakujua hata mlango wa kuingilia. Akalala, au tuseme alijinyoosha kitandani akiwa amefumba macho.

Kliniki ilikuwa safi ya kutisha. Wavinya alipopelekwa ndani kubadilisha nguo, Festus alimfuata muuguzi kwenye korido na kumnong'oneza kwamba ile namba ya homoni si sahihi, iko chini.

Muuguzi alitabasamu. "Baba, tulia. Wababa wote hushikwa na wasiwasi siku ya leo. Mwingine juzi aliapa tumebadilisha kiinitete chake na cha jirani."

"Dada, mimi najua. Hiyo kumi na nne ni ya uongo."

"Uliona kwenye ndoto?"

Ikabidi aingie kwa daktari mwenyewe. Daktari Hidaya alikuwa mwanamke wa Pwani, mtulivu, mwenye Kiswahili kilichomfanya Festus ajisikie anatembea na viatu vya matope. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageuza kompyuta ili Festus naye aone.

"Bwana Festus, hii hapa ripoti. Ina namba ya mgonjwa, ina sahihi, ina muhuri wa maabara. Wewe unaniambia si kweli. Umejuaje?"

"Mimi ndiye nilisema iandikwe hivyo."

"Wewe ni mtu wa maabara?"

"Hapana. Mimi ni..." Akatafuta jina la kazi yake na hakulipata. "Mimi ni rafiki wa mtu wa maabara."

Daktari akapiga simu Machakos, akaiweka kwenye spika. Sauti ya Musau ikaja safi, yenye heshima, sauti ya mtu aliyesimama wima.

"Daktari, hiyo majibu ni sahihi kabisa. Sisi hapa tunafanya kazi kwa utaratibu."

"Mume wa mgonjwa yuko hapa. Anasema ilibadilishwa."

"Huyo mzee pengine ni presha, daktari. Hii mambo ya watoto imemsumbua sana. Namjua, ni mtu mzuri."

"Musau!" Festus akasema. "Musau, sema ukweli, bwana. Hakuna mtu atakushika."

"Pole sana, mzee," Musau akajibu, na simu ikakatika.

Festus hakuweza hata kumlaani. Ni yeye aliyemfundisha miaka iliyopita, wakati wa shida ya cheti fulani, kwamba karatasi ikishapigwa muhuri simama nayo, hata mbingu zikishuka. Mwanafunzi alikuwa ameiva. Na yeye, siku aliyoamua kusema kweli, alikuwa ameshindwa na karatasi aliyoitunga mwenyewe kwa ustadi kiasi kwamba hata nukta yake ilikuwa mahali pake.

"Nikisikiliza maneno yako nikaiacha ripoti," daktari akasema, "kesho mwingine atakuja na maneno yake. Naweza kupima upya, jibu likatoka baada ya muda mfupi. Lakini damu ni ya mkeo, na nitamwambia kwa nini naitaka. Au utamwambia wewe." Akatazama saa. "Fanya haraka. Kiinitete kimeshayeyushwa asubuhi. Hakirudi kwenye barafu."

Wavinya alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda katika gauni la kijani lililofungwa kwa nyuma. Alikuwa ameambiwa anywe maji ili kibofu kijae, na alikuwa amekunywa kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa.

"Wamenijaza kama dumu," akasema. "Wakichelewa nitawaaibisha."

"Wavinya. Ile kumi na nne."

"Eeh."

"Si yako."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu," Festus akasema. "Yako ilikuwa saba. Musau alinipigia, nikamwambia aandike ingine. Nilidhani watakurudisha. Nilidhani ni kama... nilidhani kuna kupita na kufeli."

Hakupiga kelele. Alitazama miguu yake, iliyokuwa imevalishwa soksi za kliniki. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyozidi. Alikuwa amepiga simu kwa watu. Alikuwa amejisifia.

"Jana nililia kwa furaha," akasema. "Ukanishika. Ukaniangalia nikilia."

"Nilikosa."

"Nikakuuliza kwa nini unaniletea sindano, ukasema vitamini."

"Nilikosa, Wavinya."

"Hiyo saba ilikuwa yangu. Ilikuwa inaniombea dawa kwa daktari. Wewe ukaiziba mdomo ukaenda kunidai shukrani." Akavuta pumzi. "Miaka sita nimevumilia watu wanaoniona nimepungua. Sikujua na wewe uko kwa hiyo laini."

Festus alifungua mdomo kusema haikuwa hivyo, halafu akaona kwamba ilikuwa hivyo. Alipoisikia ile saba alikuwa ameona aibu kwa niaba yake, kama mzazi aliyeletewa ripoti mbaya ya mtoto, akaificha kabla majirani hawajaiona.

Wavinya alimwita muuguzi mwenyewe, akakunja mkono wa gauni na kuunyoosha mkono. Damu ilipotoka hakugeuza uso. Jibu lilirudi likiwa sita nukta tisa, na safari hii hakuna aliyelipamba. Daktari akamchoma sindano pale pale, akamwandikia nyingine za kila siku, na akampandikiza.

"Tumewahi?" Festus akauliza kwenye korido.

"Tumefanya linalowezekana leo," daktari akasema. "Ningefurahi zaidi tungelifanya jana."

Siku za kungoja zilipita nyumbani kwa adabu kubwa. "Chakula kipo," Wavinya alisema, na kilikuwepo. "Maji ya kuoga ni moto," na yalikuwa moto. Kila jioni alikwenda kwa muuguzi jirani kuchomwa sindano, na Festus alimsindikiza, akasimama nje ya geti kama askari asiye na bunduki. Alikuwa amefunga kibanda. Wateja walimpigia, akawaambia anaumwa, na mmoja aliyekuwa na lori la kokoto alimtumia ujumbe wa kumwombea afueni ili lori lipite kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama Nthenya hakuambiwa lolote. Aliona tu kwamba hawa wawili wanaongea kama watu wa benki, akaamua ni hofu, akazidisha maombi na uji.

Damu ya mwisho, ya kupima kama mimba imeshika, Wavinya aliipeleka Nairobi mwenyewe, ikatolewa pale pale kliniki, akarudi. Alasiri daktari alipiga simu. Wavinya alisikiliza akiwa amesimama karibu na meza, akasema, "Ndiyo, daktari," akasema tena, "Ndiyo," akaishika meza kwa mkono wa pili. Mama, aliyekuwa amekaa na ungo wa maharagwe, aliutazama uso wake, akaweka ungo chini na kutoka nje kwenda jikoni. Hakutaka mkaza mwanawe amwone akilia kwanza.

Festus akaichukua simu kutoka mkononi mwa mkewe, na mkewe akamwachia.

"Daktari, haikushika?"

"Haikushika, Bwana Festus. Poleni sana."

"Niambie ukweli. Ni kwa sababu ya ile siku moja? Ile jioni hakuchomwa?"

"Sijui."

"Makadirio tu."

"Viinitete vizuri vingi havishiki hata homoni zikiwa sawasawa. Na kukosa dawa jioni ile pengine kulidhuru, pengine hakukudhuru. Hakuna kipimo kitakachoniambia."

"Basi sema ni mimi." Akaikamata simu kwa mikono miwili. "Ama sema si mimi. Yoyote, daktari. Andika moja tu, mimi nitaishi nayo."

"Siwezi kusema nisichokijua."

"Daktari, tafadhali. Tunaweza kuongea vizuri..."

Maneno yalikwisha toka. "Vizuri vipi?" daktari akauliza, bila hasira, kama mtu asiyeelewa ameombwa nini. Wavinya akaichukua simu yake polepole, akamshukuru daktari kwa kazi yote, akamtakia jioni njema na kukata.

"Umemsikia?" akamwambia mumewe. Hakuwa amepandisha sauti, na Festus angetoa chochote aipandishe. "Kuna watu wakiombwa hukataa."

Kisha akajifunga leso vizuri kiunoni na kwenda jikoni kwa mama mkwe wake. Festus alibaki sebuleni. Mlango ulikuwa wazi na aliwasikia wote wawili wakilia kwa muda mrefu, mama kwa Kikamba. Halafu mama akapenga makamasi, na akauliza lile ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Daktari amesema ni nini iliharibu, mwana wakwa?"

Festus akasimama. Hakujua anasimama kwenda wapi. Alisikia kuni zikisukumwa ndani ya jiko, akaanza kungoja jina lake.

"Amesema hajui, mwaitu," Wavinya akajibu.

Ilikuwa kweli tupu, na Festus alitamani mkewe angesema uongo, wa kumtaja au wa kumtoa hatiani.